PAKA AKILIA USIKU SI MKOSI

Na Mwandishi Wetu

Usiku wa pili wa likizo yangu huko Nyabusozi, wilayani Biharamulo, niliamshwa na sauti ambayo mwanzoni niliidhani kuwa kilio cha mtoto mchanga. Ilipanda, ikashuka, ikakatika, kisha ikaanza upya karibu kabisa na dirisha. Mbwa wa jirani waliijibu. Hatimaye nilisikia mlango wa chumba cha pili ukifunguliwa, na sauti ya mzee mwenye nyumba, mume wa shangazi yangu, ikisema kwa uchovu: “Kesho asubuhi paka huyu ataingia guniani.”

Paka mwenyewe alikuwa jike wa rangi ya majivu, hajatimiza bado mwaka mmoja, kipenzi cha mjukuu wa nyumba hiyo, binti wa darasa la nne. Tangu siku mbili zilizotangulia alikuwa ameanza vituko. Alijisugua katika kila mguu wa meza na kila mguu wa mtu. Ukimgusa mgongo karibu na mkia, aliinamisha kifua, akainua kiuno, akaupeleka mkia upande mmoja na kupigapiga sakafu kwa miguu ya nyuma kama mtu anayekanyaga udongo wa matofali. Wahenga walisema paka hakubali kulala chali. Huyu alijibiringisha chali mchana kutwa, na usiku akalia.

Kulipopambazuka, kila aliyepita alikuwa na maelezo yake. Jirani mmoja alisema paka anayelia hivyo huleta mkosi nyumbani. Mwingine alisema ana minyoo. Wa tatu alimshauri shangazi asage vidonge vya uzazi wa majira na kumchanganyia paka katika maziwa. Shangazi aliukataa ushauri huo papo hapo, kwa maana paka aliyemtangulia huyu alipewa vidonge hivyo, na baada ya miezi michache alivimba tumbo, akatokwa na usaha, akafa uvunguni mwa kitanda. Wakati huo gunia lilikuwa tayari limetundikwa mlangoni, na binti alikuwa amekataa katakata kwenda shule.

Bahati njema, siku hiyo alifika Bwana Mifugo kuwatazama ng'ombe wa mzee. Baada ya kusalimiana na kuelezwa kisa chote, aliuliza kwa upole:

“Mzee, ng'ombe wako akilia usiku kucha, akawapanda wenzake na kuyasahau malisho, wewe husema nini?”

“Husema anahitaji fahali,” mzee alijibu. “Mfugaji gani asiyelijua hilo?”

“Humpigi?”

“Nimpige kwa nini, naye ananiletea ndama?”

“Basi paka huyu naye anasema maneno yale yale. Tofauti ni kwamba ndama unamtaka, na watoto wa paka huwataki. Hilo si kosa lake.”

Mzee alicheka, lakini hakuliondoa gunia. “Sawa,” alisema. “Nimeelewa anachosema. Sasa niambie nami nitalalaje.”

Swali hilo la mzee ndilo swali la familia nyingi, vijijini na mijini. Paka hufugwa kwa sababu ya panya wanaokula mahindi na maharage ghalani na kutafuna nguo kabatini. Kadhalika hufugwa kwa sababu watoto humpenda. Lakini mara anapofikia umri wa uzazi, familia nyingi hukosa subira, na mnyama aliyelelewa kwa maziwa hutupwa sokoni au porini. Makala haya yanaeleza hali hiyo ni nini, na mfugaji afanye nini ili yeye na paka wake waweze kulala usiku.

JOTO LA UZAZI NI NINI?

Wataalamu wa mifugo huiita hali hiyo joto la uzazi, neno lile lile linalotumika kwa ng'ombe na mbuzi. Ni wakati ambapo mwili wa jike, kwa kusukumwa na homoni zitokazo katika ovari zake, huwa tayari kumpokea dume. Si ugonjwa, wala paka hasikii maumivu ingawa sauti yake humfanya msikilizaji adhani hivyo. Analia ili dume aliye mbali amsikie, na hujisugua ili aache harufu yake njiani.

Paka jike aweza kuingia katika joto la kwanza akiwa bado mtoto machoni petu. Wengi huanza wakiwa na umri wa miezi sita hadi tisa, lakini wapo wanaoanza wakiwa na miezi minne tu. Kwa hiyo mfugaji anayesema “huyu bado mdogo” aghalabu hushtukia paka wake ana mimba.

Dalili zake ni zile zilizoonekana Nyabusozi: kulia kwa sauti ya kuvuta, kujisugua, kujibiringisha, kuinua kiuno anapoguswa, kutaka kutoka nje kila mlango unapofunguliwa, na pengine kula kidogo kuliko kawaida. Wengine hunyunyiza mkojo ukutani. Yafaa ikumbukwe kuwa paka aliye katika joto hatokwi na damu kama mbwa. Ukiona damu au usaha, au paka akijikamua bila kupata mkojo, akiacha kula kabisa, akinywa maji kupita kiasi au kulala amenyong'onyea, hilo si joto tena. Mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa.

Ipo tofauti moja kubwa kati ya ng'ombe na paka ambayo mzee wa Nyabusozi hakuwa akiijua. Joto la ng'ombe halimalizi hata siku moja nzima, na hurudi baada ya siku 21 hivi. Yai lake hutoka lenyewe, apandwe asipandwe. Paka sivyo. Joto lake huchukua kama wiki moja, pengine siku chache zaidi au pungufu, na mayai yake hayatoki mpaka apandwe na dume. Asipopata dume, joto hupoa, hupumzika kwa wiki moja hadi tatu, kisha huanza upya. Ndiyo sababu mwenye nyumba huona kama kwamba paka wake halali mwaka mzima.

KWETU HAKUNA MAPUMZIKO

Vitabu vingi vya ufugaji wa paka viliandikwa Ulaya na Marekani, na ndani yake husomwa kuwa paka huwa na majira ya joto la uzazi na majira ya kupumzika. Maneno hayo ni ya kweli huko yalikoandikwa. Mwili wa paka huhesabu mwanga. Mchana unapokuwa mrefu, ubongo wake huziruhusu homoni za uzazi kufanya kazi. Mchana unapokuwa mfupi, huzizuia. Mjini London mchana wa mwezi Juni hufikia kama saa 16 na nusu, na ule wa Desemba hupungua hadi saa 8 hivi. Kwa hiyo paka wa huko, hasa anayelala nje, hupata miezi ya utulivu.

Nyabusozi iko chini ya digrii tatu kusini ya Ikweta. Huku mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haifiki hata nusu saa. Paka wa Biharamulo, Ngara, Bukoba au Mwanza hana majira ya baridi ya kumwambia apumzike. Aweza kuingia katika joto Januari, na Juni, na Novemba pia. Mjini mambo huzidi, kwa kuwa taa ya umeme inayowaka sebuleni hadi saa nne usiku humwongezea paka mchana juu ya mchana.

Sasa tufanye hesabu. Mimba ya paka huchukua siku 63 hadi 65, yaani wiki tisa. Huzaa aghalabu watoto watatu hadi watano. Wiki chache baada ya kuwaachisha kunyonya, na pengine kabla ya hapo, joto hurudi. Paka mmoja akizaa mara tatu kwa mwaka, watoto wanne kila mara, nyumba itakuwa imepokea paka 12 kabla mwaka haujaisha, na binti zake wa uzao wa kwanza watakuwa wameanza kulia nao. Nani atawalisha? Hapo ndipo gunia linapoanza kutafutwa.

KUISHI NAYE WIKI HIYO

Bwana Mifugo alimshauri mzee mambo machache, na yote yaliwezekana bila fedha.

Kwanza, paka awekwe ndani mpaka joto lipoe. Kufunga mlango peke yake hakutoshi. Nyumba zetu nyingi zina mwanya kati ya ukuta na bati, na paka mwenye haja hupita hapo kama maji. Zibeni mwanya huo kwa wavu au kwa ubao, na dirisha liwe na wavu usiotoboka. Watoto waelezwe sababu, kwa maana mara nyingi mlango huachwa wazi na mtoto anayetoka mbio.

Pili, apewe pahali pa kujisaidia: sanduku la mbao au beseni kuukuu lenye mchanga au majivu yaliyopoa. Liondolewe uchafu kila siku. Kinyesi cha paka chaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa wa toksoplasma, vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni. Vijidudu hivyo huchukua siku moja au zaidi ndipo viwe na nguvu ya kuambukiza, na hivyo usafi wa kila siku ni kinga kubwa. Mama mjamzito asiifanye kazi hiyo. Aifanye mtu mzima mwingine, kisha anawe mikono kwa sabuni.

Tatu, atulizwe. Kumpiga, kumwagia maji au kumfungia katika giza bila chakula hakuondoi joto, bali humwongezea hofu. Mpe chakula chake kwa saa zile zile, maji safi, na kona tulivu yenye kitambaa cha kulalia. Jioni, kabla ya familia kulala, mtoto acheze naye kwa kamba ya katani au mpira wa matambara hadi achoke. Paka aliyechoka hulia kidogo. Wako wanaotulia wakipapaswa kichwani, na wako wanaozidi kulia wakipapaswa mgongoni. Mfugaji amwangalie wake yuko upande gani.

Nne, kama kuna paka dume katika nyumba hiyo hiyo, watengwe. Ndugu na dada wa tumbo moja hawajui udugu wakati wa joto.

Kwa mfanyakazi anayeishi katika chumba cha kupanga, liko jambo la tano: kuwaeleza majirani. Mpangaji wa chumba cha pili anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi zamu kiwandani ana haki ya kujua kelele hizo zitakwisha lini. Neno la uungwana jioni huzuia ugomvi wa asubuhi.

DAWA ZINAZOUA

Kifo cha paka wa kwanza wa shangazi hakikuwa mkosi. Vidonge vya kuzuia mimba vilitengenezwa kwa ajili ya mwili wa binadamu. Homoni zilizomo huweza kuufanya ukuta wa mji wa mimba wa paka unenepe na kutunga usaha. Huweza pia kuleta uvimbe wa matiti na ugonjwa wa kisukari. Ni kweli kuwa paka hunyamaza kwa siku chache baada ya kupewa vidonge, na ndiyo maana ushauri huo umeenea. Lakini madhara huja baadaye, wakati mshauri hayupo.

Hatari zaidi ni vidonge vya kutuliza maumivu vyenye parasitamoli. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu, nayo huharibu damu yake. Kidonge kimoja tu chaweza kumwua. Vivyo hivyo asipewe dawa za usingizi wala pombe. Paka aliye katika joto hana ugonjwa wa kutibiwa; ana wiki moja ya kuvumiliwa.

YANAYOMNGOJA NJE

Wapo wanaosema, “Mwache atoke, hiyo ndiyo asili yake.” Asili yake ni hiyo, hapana shaka. Lakini mashume wanaokusanyika juu ya bati hawaji peke yao; huja na majeraha na maradhi. Hupigana, huumana, na jike huumwa shingoni anapopandwa. Akipandwa na mashume watatu katika joto moja, aweza kuzaa watoto wa baba watatu tofauti kwa uzao mmoja.

La kuogopwa kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Licha ya jina lake, ugonjwa huo humpata paka pia, naye huweza kumwambukiza mtu kwa kumwuma au kumparura. Dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo kila paka achanjwe anapofikisha miezi mitatu, na chanjo irudiwe kwa wakati ambao mtaalamu ataagiza. Mtu akiumwa na paka asiyejulikana, hata kama jeraha ni dogo, aoshe pahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuona kama paka atakufa.

TIBA YA KUDUMU

Kumfungia paka ndani ni dawa ya wiki moja. Kwetu huku, ambako joto hurudi mwaka mzima, mfugaji asiyetaka watoto wa paka anapaswa kufikiria kumfunga kizazi. Daktari wa mifugo humlaza paka kwa dawa ya usingizi, hupasua tumbo mahali padogo, huondoa ovari na mji wa mimba, kisha hushona. Paka wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa siku kumi hivi hukaa ndani, haruhusiwi kurukaruka wala kulamba mshono, na kidonda hutazamwa kila siku. Baada ya hapo kilio cha usiku huwa kimekwisha.

Kazi hiyo si ya fundi wa mtaani mwenye wembe. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Baraza la Veterinari la kuwasajili madaktari wa mifugo nchini, na mfugaji ana haki ya kuuliza kama anayemshika mnyama wake amesajiliwa. Madaktari hao husomea upasuaji katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na katika vyuo vya nchi nyingine. Aghalabu daktari hupenda joto lipoe kwanza ndipo apasue, kwa kuwa wakati wa joto mishipa ya damu ya sehemu hizo huwa imejaa.

Watu husema mengi juu ya upasuaji huu. Husema paka lazima azae mara moja kwanza. Hilo halina msingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 huko Marekani ulionyesha kuwa paka waliofungwa kizazi kabla ya kutimiza miezi sita walipungukiwa na hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 91 wakilinganishwa na wasiofungwa. Husema pia kuwa atakuwa mvivu na kuwaachia panya ghala. Paka hawindi panya kwa sababu ya uzazi. Huwinda kwa sababu ni paka. Ataweza kunenepa akilishwa kupita kiasi, na dawa yake ni kumpunguzia chakula.

Na dume je? Naye ahasiwe. Shume aliyehasiwa hupunguza kuzurura, kupigana na kunyunyiza mkojo ukutani. Si haki mzigo wote kuachiwa jike.

Kikwazo ni gharama na umbali. Mwananchi wa kijijini hawezi kumbeba paka mmoja katika kikapu safari ndefu kwa ajili ya upasuaji. Ushauri wa Bwana Mifugo ulikuwa kwamba familia zenye paka zijiandikishe pamoja, ziende ofisi ya mifugo ya wilaya, na kumwomba daktari aje siku moja kuwahudumia wote, huku zikichangiana nauli na dawa. Wafugaji wa ng'ombe hufanya hivyo kwa chanjo tangu zamani. Mjini ni rahisi zaidi: wapangaji wa nyumba moja au wafanyakazi wa idara moja waweza kukubaliana na daktari bei ya pamoja.

Familia isiyoweza haya yote isimtupe paka wala kumzamisha. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inahesabu ukatili kwa mnyama kuwa kosa. Na hata pasingekuwa na sheria, mtoto anayeona mnyama wake akitiwa guniani kwa sababu ya kulia, anajifunza nini kuhusu jinsi ya kumtendea anayelia?

GUNIA LA NYABUSOZI

Mchana huo mzee alipanda ngazi mwenyewe, akaziba kwa wavu mwanya uliokuwa juu ya chumba cha stoo. Shangazi alitafuta beseni kuukuu, nami nikateka majivu jikoni. Paka aliingizwa humo. Usiku wa kwanza alilia, na mashume wawili walitembea juu ya bati hadi alfajiri. Usiku wa pili alilia pungufu. Siku ya sita nilipoamka sikusikia kitu. Nilipochungulia stoo nilimkuta amejikunja amelala, na karibu naye panya mmoja aliyekufa, ushahidi kwamba kazi yake hakuisahau.

Alikuwa amelala juu ya gunia lile lile. Binti alikuwa amelikunja mara nne na kumtandikia. Mzee aliliona, akalitazama kidogo, akaendelea na safari yake ya zizini. Jioni alimwuliza shangazi kama majirani wenye paka wangekubali kuchangia nauli ya daktari. Hadi naondoka, nyumba nne zilikuwa zimekubali.

Ndugu msomaji, paka wako akilia usiku wa leo, usitafute kiatu cha kumtupia wala mganga wa kumwuliza. Funga dirisha, mwekee maji, hesabu siku saba. Kisha, joto lipoapo, mtafute daktari wa mifugo kabla halijarudi. Kwani huku kwetu litarudi.